Kisumu Kwanza, Lukla Baadaye: Jinsi Ninavyochagua pa Kurukia

Programu ya kuigiza urushaji wa ndege, ambayo wengi wetu tunaiita simuleta tu, humkabidhi mtu dunia nzima siku ile ile anapoifungua. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 na X-Plane 12 kila moja ina zaidi ya viwanja 30,000 vya ndege, na FlightGear, ambayo haiuzwi bali hutolewa bure, nayo inafunika mabara yote. Wingi huo ndio unaowachosha wageni kabla hawajaionja ladha ya kuruka. Nimewaona vijana hapa Kisumu wakitua Dubai leo, kesho wako Lukla kule Nepal, kesho kutwa wamehamia kisiwa cha Saba katika Karibi, na mwezi haujaisha kijiti cha kurushia kimewekwa juu ya kabati kinakusanya vumbi. Si kwamba walikosa kipaji wala kompyuta nzuri. Kila mahali walipokwenda hapakuwa na jambo walilotaka kulijua.

Msimamo wangu ni kwamba mtu aanze kuruka juu ya nchi anayoijua kwa miguu na kwa matatu, kisha kila safari inayofuata aichague kwa sababu ya swali fulani analotaka nchi hiyo imjibu. Mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha tatu, hakubaliani nami. "Mjomba, mbona niende Muhoroni kwa ndege na juzi nimepita huko kwa basi?" aliniuliza. Nilimwambia kwamba hiyo hasa ndiyo sababu, na makala haya ni jibu lile lile kwa urefu.

Chukua Lukla, uwanja ambao kila orodha ya viwanja vya kutisha huutaja. Uko kwenye mwinuko wa mita 2,845, njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 527 tu, imeinama kwa karibu asilimia 12, na anayetua anapanda mteremko huku mlima ukimkabili. Ni mahali pa ajabu. Lakini mimi sijawahi kukanyaga Nepal, kwa hiyo simuleta ikiniwekea bonde lisilokuwapo au ikiufuta mlima mzima, nitapita hapo nikishangilia bila kujua nimedanganywa. Juu ya Kisumu siwezi kudanganywa kirahisi. Najua Kibos iko wapi, najua mashamba ya mpunga ya Ahero yanaanzia wapi na ya miwa yanashika wapi, na najua kwamba ukitazama kaskazini kutoka uwanda wa Kano utaona mteremko mkali wa Nandi umesimama mbele yako. Jicho linaloijua nchi hugeuka kuwa mkaguzi. Kwa ukaguzi huo mtu hujifunza simuleta yake inaweza nini na haiwezi nini, na ujuzi huo atauhitaji siku atakapokwenda mbali.

Inafaa kueleza ardhi ya simuleta inatoka wapi. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima kwa rada, kikachora mwinuko wa karibu nchi kavu yote iliyo kati ya latitudo ya 60 kaskazini na ya 56 kusini. Kwa miaka mingi Afrika ilipewa vipimo vyenye nafasi ya mita 90 kati ya nukta na nukta, hadi mwaka 2014 vile vya mita 30 vilipotolewa kwa umma. Milima unayoiona ukiruka juu ya Kericho katika FlightGear au X-Plane ina deni kubwa kwa kazi ya siku zile 11. Barabara na majengo ya X-Plane hutoka OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wanaojitolea, na ndiyo maana mji ambao wenyeji wake wameuchora kwa bidii huonekana umejaa, wakati mji wa jirani usio na wachoraji huonekana kama kijiji. Microsoft nao hutegemea picha za satelaiti za ramani zao za Bing, ambazo hubeba rangi ya siku zilipopigwa. Juu ya Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Viktoria unaofika Kisumu, hilo lina maana yake, kwa sababu gugumaji halitulii mahali pamoja: upepo hulisukuma ufuo huu leo na ule kesho, ilhali kwenye picha limekwama daima pale lilipokuwa.

Kwa wasomaji wa Nakuru na Baringo kuna jambo zito zaidi. Maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana tangu mwaka 2010 hivi. Ziwa Nakuru limemeza sehemu ya mbuga pamoja na njia zake, na Ziwa Baringo limefunika nyumba, shule na hoteli na kuwahamisha watu. Simuleta inayochora ufuo kwa kutumia data za zamani itakuonyesha ziwa dogo ambalo halipo tena. Mtu wa Marigat atakayeruka juu ya Baringo atauona ufuo wa utotoni mwake. Mgeni aliyeko Ulaya hataona tatizo lolote, wala simlaumu, lakini sisi tunaoona tuna wajibu wa kuchora, kwa kuwa OpenStreetMap haimfungii mtu mlango, na X-Plane ina ghala la wazi ambalo yeyote anaweza kupelekea mchoro wa uwanja wa ndege alioutengeneza. Viwanja vidogo vya magharibi mwa Kenya vinangoja watu wanaovijua.

Sasa nije kwenye safari ninayompendekezea kila anayeanza: kutoka Kisumu hadi Nakuru kwa kufuata reli. Kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 160, na Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, huimaliza kwa muda unaokaribia saa moja. Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka 1901, na wahandisi wake walitafuta njia ambayo gari la moshi lingeweza kuipanda. Kwa bahati njema, njia nafuu kwa gari la moshi huwa nafuu pia kwa ndege yenye injini dhaifu. Kibos, Chemelil, Muhoroni, Fort Ternan, Kipkelion, Londiani, Mau Summit, Molo, Elburgon, Njoro, Nakuru: majina haya ndiyo ramani yako, na yeyote aliyesoma jiografia ya Kenya darasani hahitaji kuyakariri.

Uwanja wa Kisumu uko karibu futi 3,800 juu ya usawa wa bahari, na njia yake inaelekea kusini-magharibi upande mmoja na kaskazini-mashariki upande wa pili. Ukiondoka kuelekea kusini-magharibi unatokea juu ya maji, na hapo ninamshauri anayeanza asikimbilie mashariki mara moja. Aupande mwinuko wake kwanza akizunguka juu ya ghuba, ambako hakuna kilima cha kugonga, kisha ageuke. Ardhi ya Kano ni tambarare na humtuliza mtu, lakini baada ya Muhoroni inaanza kuinuka bila kelele, na hapo ndipo mtu hugundua kwamba mshale wa altimita, kile kipimo cha mwinuko, unaendelea kupanda huku miti ikizidi kukaribia. Reli inapita Mau Summit kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,500, yaani futi 8,300 hivi, na vilima vilivyo kando yake ni virefu zaidi. Kanuni ya kimataifa kwa ndege zinazoruka kwa kuona ardhi inamtaka anayeelekea mashariki ashike elfu witiri na kuongeza futi 500, kwa hiyo uchaguzi ni futi 9,500 au 11,500. Futi 9,500 zinakuachia nafasi finyu. Mimi hushika 11,500, hata kama Cessna hulalamika kuzifikia, kwa kuwa kutoka huko unaiona Londiani ikipita ubavuni na msitu wa Mau ukinyooka kusini, na ukipoteza uzi wa reli ndani ya miti bado una muda wa kuutafuta.

Halafu nchi inashuka. Baada ya Molo na Elburgon mashamba yanafunguka, na unapita Njoro, alikokulia Beryl Markham, yule rubani ambaye Septemba 1936 aliivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, akatua kwa dharura Nova Scotia nchini Kanada. Mbele yako Nakuru imebanwa kati ya ziwa upande wa kulia na Menengai upande wa kushoto. Kwa macho yangu hakuna picha katika Kenya nzima inayoeleweka vizuri zaidi kutoka angani kuliko Menengai. Kutoka mjini ni kilima kirefu tu chenye minara mgongoni, na hata ukipanda hadi ukingoni unaona upande mmoja kwa wakati mmoja. Kutoka futi 11,500 unaona shimo lote, kilomita 12 kwa 8 hivi, na lava nyeusi iliyotapakaa sakafuni. Nimekaa Nakuru miaka kadhaa, na ni kwenye skrini ya kompyuta nilikoelewa kwamba mtaa wetu ulikuwa umelala kwenye bega la volkano.

Swali la pili ninalomwekea anayeanza ni la hewa nyembamba, na kwa hilo hatuhitaji kwenda mbali kuliko Eldoret. Kutoka Kisumu ni karibu kilomita 80 tu, na njiani unavuka ikweta, ukiziona koordineti za simuleta zikibadilika kutoka kusini kwenda kaskazini mahali fulani mashariki mwa Maseno. Uwanja wa Eldoret uko mita 2,116 juu ya bahari, yaani futi 6,900 na zaidi, na njia yake ina urefu wa mita 3,500. Urefu huo si anasa. Kwenye kipimo cha anga cha kawaida kinachotumiwa na wahandisi, joto la mwinuko huo lingepaswa kuwa karibu nyuzi 1 ya Selsiasi. Mchana wenye nyuzi 25 una ziada ya nyuzi 24, na kwa kuwa kila nyuzi ya ziada huhesabiwa kama futi 120 hivi, mabawa na injini hufanya kazi kana kwamba ziko karibu futi 9,800. Injini ya pistoni isiyo na pampu ya kuisaidia kuvuta hewa hupoteza zaidi ya robo ya nguvu zake hapo. Ndege ile ile iliyonyanyuka Mombasa bila shida itakimbia mwendo unaokaribia kuwa maradufu kabla magurudumu hayajaachana na lami.

Hapa kuna kitendo kidogo ambacho kila mwanafunzi wa simuleta wa Kenya anapaswa kukijua na ambacho video nyingi za kigeni hazikigusi, kwa sababu watengenezaji wake hurukia karibu na bahari. Kitabu cha Cessna 172 kinaelekeza kwamba juu ya futi 3,000 mafuta yanayoingia kwenye injini yapunguzwe kabla ya kuruka, ili yalingane na hewa iliyopo. Kisumu yenyewe tayari imepita mpaka huo, Eldoret imeupita mara mbili. Kwa hiyo ukiwa umesimama mwanzoni mwa njia, breki zimeshikwa na injini iko kwenye nguvu zote, uuvute polepole ule mpini mwekundu wa kupunguza mafuta huku ukiitazama saa ya mizunguko ya injini. Mizunguko itapanda kidogo, itafika kileleni, kisha itaanza kuanguka. Hapo urudishe mpini ndani kidogo tu, uachilie breki. Ukiijaribu Eldoret pasipo kufanya hivyo, kisha ukaijaribu tena kwa kufanya hivyo, utaona tofauti kwenye idadi ya taa za njia unazozipita kabla ya kunyanyuka. Mtu anayejifunzia usawa wa bahari anaweza kukaa miaka bila kukutana na jambo hili, ilhali sisi tumezaliwa juu yake.

Saa ya kuruka nayo ni sehemu ya kuchagua mahali. Simuleta za kisasa huleta hali ya hewa halisi ya wakati huo, na katika nchi yetu asubuhi na alasiri ni nchi mbili. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo wa ziwani huingia ndani na kukutana na pepo za mashariki juu ya nyanda za Kericho na Nandi, na mawingu ya radi hujengeka baada ya adhuhuri. Mkulima wa chai wa Kericho hahitaji kuambiwa kuhusu mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka, upepo huelekea ziwani, na ngurumo huhamia juu ya maji kabla ya alfajiri, jambo ambalo wavuvi wanalijua vizuri sana. Anayetaka kuiona ardhi aruke asubuhi. Anayetaka kujifunza kukwepa mawingu aondoke Kisumu saa tisa mchana na aelekee mashariki, lakini awe ameshapanga pa kurudi. Na akumbuke kwamba karibu na ikweta jua haliagi kwa muda mrefu: likishazama, baada ya dakika ishirini hivi ni giza, na viwanja vingi vidogo havina taa.

Kuhusu bando na umeme nitasema machache, kwa kuwa kila mtu anajua hali yake. Microsoft Flight Simulator huvuta picha za ardhi kupitia intaneti wakati unaruka, na safari ya mbali kila siku humaliza bando. Ukirudia eneo lile lile, hifadhi ya ndani ya programu hukuokolea sehemu kubwa. X-Plane hukuruhusu kupakua maeneo unayoyataka tu, na ardhi yake imekatwa vipande vya digrii moja kwa moja. Kisumu hadi Nakuru ni vipande vitatu vilivyopangana kwenye mstari mmoja. Kwa mtu mwenye kompyuta ya kawaida na bando la kuhesabu, kuipenda nchi ya nyumbani ni uchumi pia. Stima ikipotea katikati ya safari, basi. Hakuna wa kumlaumu, utaanza upya.

Ziwa lenyewe linahitaji siku yake. Mwaka 1931 Imperial Airways ya Uingereza ilipoanzisha safari za kuja Afrika Mashariki, sehemu ya kutoka Khartoum hadi Kisumu iliendeshwa kwa ndege za kutua majini, na kufikia mwaka 1937 ndege kubwa za aina hiyo zilikuwa zikipita hapa zikielekea hadi Durban. Watu wengi wanaotembea ufuoni leo hawajui kwamba maji haya yaliwahi kuwa uwanja wa ndege wa kimataifa. Simuleta inaweza kuirudisha safari hiyo: chukua ndege ya kutua majini, kwa mfano Icon A5 iliyomo kwenye programu ya Microsoft, ondoka kwenye ghuba, pitia kati ya Rusinga na nchi kavu ya Uyoma, kisha fuata magharibi hadi Entebbe au Port Bell. Ukigusa maji usishangae altimita ikionyesha futi 3,700 na ushei, maana ziwa letu lipo mita 1,134 juu ya bahari. Katikati ya safari hakuna alama yoyote ya ardhi kwa muda mrefu, na hapo mtu anajifunza kuiamini dira na saa kama walivyolazimika kufanya marubani wale.

Sisemi kwamba mtu asiende nje. Nasema swali alilolipata nyumbani ndilo limwongoze. Aliyeielewa Eldoret anaweza kuuliza hewa inazidi kuwa nyembamba kiasi gani kwingineko, na swali hilo litampeleka Addis Ababa, ambako uwanja wa Bole uko juu ya mita 2,300, kisha El Alto nchini Bolivia, kwenye mita zaidi ya 4,000. Aliyezoea kutua kwenye njia fupi ya murram huko Mara, chini ya mteremko wa Oloololo, huku akitazama kama kuna nyumbu njiani, atakuwa na sababu ya kwenda Lukla na atajua cha kuangalia akifika.

Kwa aliyemaliza Nakuru, Eldoret na ziwa, safari ninayoiona kuwa mtihani mzuri kuliko yote ya magharibi ni Kitale hadi Soroti nchini Uganda, mji wenye chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki yote. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 170 tu, lakini mstari huo unapita juu ya Mlima Elgon, ambao kilele chake kina mita 4,321, sawa na futi 14,177. Kikomo cha kupanda cha Cessna 172S ni futi 14,000. Huwezi kupita juu, na mawingu hukaa mlimani hata siku nzuri, kwa hiyo lazima uchague ubavu. Kusini utapitia Kimilili na Malaba hadi Mbale, nchi iliyojaa watu na barabara za kufuata, na njia ni ndefu kidogo. Kaskazini utapenya Suam, mlima ukiwa kushoto kwako, kisha ardhi inaporomoka kuelekea tambarare za Karamoja ambako alama ni chache na mlima Kadam unakungoja upande wa kulia. Wa mara ya kwanza apite kusini asubuhi, ashike futi 8,500 au 10,500 kwa kuwa anaelekea magharibi, na asigeuke kaskazini mpaka aione Mbale yote ikiwa imeuachia mlima mgongo.